Taa Imezibwa, Safari Iendelee

Abiria wa gari la Noah anayepanda Lushoto kutoka Mombo ana kilomita 33 hivi za kona, muda wa kutosha kuisoma dashibodi. Taa ya injini inawaka njano, ya breki inawaka nyekundu, na dereva wetu naye tabasamu tupu. "Hizo ni taa za Kijapani," anatufafanulia, "hazijui milima." Taa ya oili ameiziba kwa kipande cha solotepu nyeusi. Tiba imekamilika: mgonjwa kazibwa mdomo, kelele zimekwisha.

Kwa faida ya madaktari wa aina hii, njano maana yake lipeleke gari kwa fundi mapema. Nyekundu, tafuta pa kusimama sasa hivi. Ya breki ikikataa kuzimika na hendibreki umeshaishusha, huenda mafuta ya breki yamepungua. Si jambo dogo hata ukiwa Mombo kwenye tambarare; sembuse ukiteremka Soni na bonde liko ubavuni.

Kioo cha nyuma kimeandikwa "Mungu Ndiye Dereva". Amina, kaka. Ila leseni ina jina lako.