Deni la Bwana Kent

Kijana mmoja wa kwetu Tanga, ambaye riziki imemfikisha Minneapolis, ameniandikia waraka mrefu wenye taadhima nyingi akinieleza kwamba mwenye duka la vitabu vya katuni lililo jirani naye amechoka na anatafuta mtu wa kulichukua, naye kijana, kwa kuwa ana akiba kidogo na amesikia kwamba mimi ni mjuzi wa biashara hiyo, anaomba nimpe nasaha. Waraka huo niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi kuitwa mjuzi. Mara ya pili nilimhurumia kwa habari alizopewa. Lakini ameniita "Ami", na mtu asiye ndugu akikuita ami huwa amekwisha kukukopesha heshima, na deni sharti lilipwe; basi haya niyaandikayo ndiyo malipo yake, na wengine wayasome bure.

Mimi nimelelewa nyuma ya duka. Marehemu baba yangu aliuza mchele, kunde, sukari na mafuta ya taa, nami nilijua kushika mizani kabla sijajua kushika kalamu. Nilipokuja Cleveland, katika jimbo la Ohio, nikakaa miaka 29 nikiandika hesabu za faida za watu wengine, na siku nilipostaafu nafsi ikaninong'oneza kwamba duka ni duka, na kwamba mwana wa muuza kunde hawezi kushindwa na karatasi. Kauli hiyo ndiyo chanzo cha masaibu yangu yote.

Wala usidhani kwamba nilikuwa mgeni wa hadithi za picha. Katika ujana wetu, miaka ya 1960 ikielekea kwisha, tulimhusudu Lance Spearman, yule mpelelezi wa jarida la African Film aliyevaa kofia ya panama na kuvuta sigara nene, ambaye visa vyake havikuchorwa bali vilipigwa picha. Na nakala moja ikiingia mtaani ilisomwa na darasa zima, kisha na darasa lililofuata, kisha na kinyozi na wateja wake, hata ikabaki haina jalada wala kurasa za mwisho, nasi tuliokuwa nyuma ya foleni hatujui mpaka leo kama mwovu alikamatwa. Kwetu kitabu kilipendwa hata kikachakaa. Huku nikakuta kitabu hupendwa kwa kutoguswa, na tofauti hiyo, ambayo nimeiandika hapa kwa sentensi moja, mimi ilinigharimu mwaka mzima kuielewa.

Aliyeniuzia duka alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwenye miwani mizito na maneno machache. Alinikabidhi ufunguo, daftari na wasia. "Hapa," alisema, "bei haijadiliwi. Ukimpunguzia mmoja leo, wiki ijayo watakuja wote." Kisha akanionyesha maboksi marefu ya kadibodi, 140 kwa idadi, kila moja likibeba nakala tele, akaniambia kuwa humo mna hazina, akanipa mkono, akaenda zake Florida kuota jua.

Hapa ndipo nasaha yangu ya kwanza ilipo, na laiti ningalipewa mimi. Dukani kwa baba hapakuwahi kupokewa gunia hata moja kabla halijatiwa bambo na mchele ukamiminwa kiganjani, ukatazamwa, ukanuswa, na ikibidi ukatafunwa. Mimi, mwana wa mtu huyo, nilinunua maboksi 140 kwa kutazama vifuniko. Nilipoyafungua nikakuta kwamba maboksi mawili, yapata nakala 300, yamejaa kitabu kimoja, tena kila nakala imefungwa ndani ya mfuko mweusi kama kitu kinachoonewa haya. Nikashuku ghashi. Nikachana mfuko wa kwanza nione bidhaa kama ni nzima, nikaona nzima. Nikachana wa pili, maana baba alisema gunia moja si ushahidi. Nilikuwa katika wa kumi na moja alipoingia kijana mmoja mteja, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuta maiti, "Mzee, unafanya nini?"

Na kwa kweli alikuwa amekuta maiti. Kitabu chenyewe kilikuwa kile cha kifo cha Superman, kilichotoka tarehe 18 Novemba 1992, siku ambayo watu walipanga foleni milangoni mwa maduka, na nakala kwa mamilioni zikauzwa, nyingine zikiwa katika mfuko mweusi uliotiwa ndani yake utepe wa kuvaa mkononi kwa maombolezo. Wanunuzi walichukua tano tano na kumi kumi, wakaziweka chini ya vitanda wakitarajia kuwasomeshea watoto chuo kikuu. Hawakutanabahi kwamba Action Comics ya kwanza, ile ya mwaka 1938 alimotokea Superman mara ya kwanza, iliuzwa kwa senti 10, watoto wakaikunja, wakailowesha, mama zao wakaitupa, na ndiyo maana nakala moja iliyosalimika iliuzwa mwaka 2024 kwa dola milioni 6. Ilhali marehemu wa 1992 hakutupwa na mtu yeyote, na mwaka uliofuata akafufuka, kama wafufukavyo aghalabu ya wafu wa biashara hii. Bei yake leo ni dola chache. Ukiuchana mfuko, hata hizo chache hupungua.

Jioni mke wangu alikuja kuyatazama maboksi hayo mawili. "Bwana," alisema, "hao maiti wako 300 watakaa humu mpaka lini? Wa kwetu huzikwa siku ile ile."

Kijana yule nilimwajiri papo hapo, nalo ndilo jambo la pekee la busara nililofanya mwaka huo. Na wewe uliyeko Minneapolis, ukimkuta dukani mtu anayezisoma bidhaa, mnunue pamoja na rafu. Lakini hakuja upesi kiasi cha kuzuia mengine. Nilikwisha kuandika bei kwa kalamu ya wino juu ya majalada 40, kwa mwandiko mzuri, nikiona fahari. Nilikwisha kupiga mhuri wa duka katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kilichokuwa mezani, kwa hofu ya wezi. Fauka ya hayo, nilikuwa nikifunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate, kama nilivyohesabu noti maisha yangu yote, mbele ya watu ambao kwao alama ya ukucha ni jinai. Kumbe kuna mizani ya ubora inayopanda hadi 10, na tangu mwaka 2000 iko kampuni inayopokea kitabu chako, ikakitia maksi hata kwa nukta, 9.4 au 9.8, kisha ikakifunga ndani ya plastiki ngumu ambamo hakuna atakayekisoma tena. Nilipoelezwa hayo nilimkumbuka kinyozi wetu na vidole vyake vya mafuta ya nazi.

Sasa nije kwenye Jumatano, maana duka hili lina siku moja tu ya uhai katika wiki, na siku nyingine ni za kufuta vumbi. Vitabu vipya hutoka Jumatano. Tena huviagizi ukiviona; huagiza yapata miezi miwili kabla, kwa kusoma orodha, sawasawa na mtu anunuaye maembe ilhali mwembe haujatoa ua. Na lisipouzwa embe hulirudishi. Zamani muuza magazeti alirejeshewa fedha za masalio, na mara nyingine alikata jalada tu akalirudisha kuwa ushahidi. Mpaka miaka ya 1970 mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, alipowashawishi wachapishaji wamuuzie moja kwa moja kwa bei nafuu zaidi, kwa sharti kwamba hatarudisha hata karatasi. Kwa shauri hilo maduka ya katuni yakazaliwa, na kwa shauri hilo hilo huzikwa, maana kila kisichonunuliwa ni chako mpaka Kiyama.

Katika kuagiza mara ya kwanza nilitumia elimu ya kanga. Niliiweka orodha mezani, nikachagua majalada matano yaliyonipendeza rangi, nikaagiza nakala 20 za kila moja, nikijipongeza kwa kuwa na bidhaa za aina aina. Yalipofika, kijana wangu alinitazama kwa huruma. Yote yalikuwa kitabu kimoja. Hadithi moja, kurasa zile zile, majalada matano, kama kanga za jina moja zilizopigwa rangi tano. Mtindo huo ndio uliofanya X-Men ya mwaka 1991 iuzwe nakala zaidi ya milioni 8, maana ilitoka na majalada matano na watu wakayataka yote. Lakini wateja wangu mimi hawakuyataka yote. Waliyataka mawili.

Habari za wasambazaji nitazipita mbio, kwani zinapandisha damu. Kwa zaidi ya miaka ishirini karibu katuni zote za Marekani zilipitia mkononi mwa msambazaji mmoja, Diamond. Mwaka 2020 wachapishaji DC wakajitoa, mwaka 2021 wenzao Marvel wakafuata, na Januari 2025 Diamond yenyewe ikaomba hifadhi ya mahakama ya wafilisi. Palipokuwa na mlango mmoja wa kubisha, sasa pana kadhaa, na kila mlango una ankara yake. Na ile Aprili ya 2020, wakati wa maradhi, ambapo karibu mwezi mzima hapakuja vitabu vipya, nilijifunza kwamba mteja wa Jumatano huja hata pasipo na kitu, akasimama nje ya kioo akitazama ndani, kama paka wa muuza samaki siku ya dhoruba.

Iko pia Jumamosi ya kwanza ya Mei, ambapo aghalabu, tangu mwaka 2002, maduka hugawa katuni bure. Bure kwa mteja, maana mwenye duka huzinunua. Mimi niliposikia neno bure nikadhani ni karamu, na kwetu karamu haifanywi kwa mikono mitupu. Mke wangu akakaanga sambusa 200. Sitaki kueleza zaidi. Nitasema tu kwamba mafuta ya sambusa yana safari ndefu kuliko ya Vasco da Gama, na kwamba kufikia adhuhuri yalikuwa yamefika boksi la 37.

Lakini hayo yote ni mepesi ukiyaweka kando ya daftari. Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na majina 64 ya watu waliowekewa vitabu vyao kila wiki, nami nikaviita amana, neno ambalo kwa mtu wa hesabu lina uzito wa kiapo. Wengi walikuja na kulipa. Mmoja hakuja. Jina lake lilikuwa C. Kent, hana simu wala anwani, anawekewa vitabu vitatu kila Jumatano, na deni lake, nilipolijumlisha, lilikuwa dola 214.

Nikaanza uchunguzi. Nilimuuliza mteja wa kwanza kama anamfahamu Bwana Kent, akafikiri kidogo, akasema kwa utulivu kwamba ni mtu mpole, mwandishi wa magazeti. Wa pili alisema amekulia shamba, huko Kansas. Wa tatu alisema ana tabia ya kutoweka kila zinapozuka ghasia. Yote nikayaandika daftarini mbele ya jina lake kwa wino mwekundu: "Mwandishi wa habari. Mtu wa shamba. Mwoga." Mwisho nikabandika tangazo mlangoni, kwa herufi kubwa, kwamba Bwana C. Kent anaombwa kwa hisani yake afike alipe deni lake kabla hatua nyingine hazijachukuliwa. Watu wakasimama kulipiga picha. Mauzo ya wiki hiyo yalizidi ya mwezi uliotangulia, nikasema, kweli, uthabiti ni rasilimali.

Aliyenifumbua macho ni mjukuu wangu wa miaka tisa, aliyelisoma tangazo, akaja ndani, akakaa sakafuni kwa kicheko. "Babu," akasema alipopata pumzi, "huyo ni Superman!" Na aibu ilizidi nilipojua kwamba mdaiwa wangu ni mzaliwa wa mji huu huu, kwani walimbuni vijana wawili wa mtaa wa Glenville, Jerry Siegel na Joe Shuster, ambao mwaka 1938 walimuuza na haki zake zote kwa dola 130, na hundi waliyolipwa, ya dola 412 pamoja na malipo mengine, ilinadiwa mwaka 2012 kwa dola 160,000. Miaka 29 mimi mtu wa hesabu nilikuwa nikipita mtaa huo kwa basi.

Tangazo sikulibandua, lilikuwa likileta watu. Lilikuwepo bado Jumatano moja ya masika, mzee yule wa miwani mizito aliposimama mlangoni, amebabuka kwa jua la Florida, akalisoma lote pole pole mpaka nukta ya mwisho. Akaingia, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Nimesikia nadaiwa," alisema.

Nikamfunulia daftari. Akatazama yale maandishi mekundu, akatikisa kichwa kwenye neno "mwoga", akapitisha kidole hadi chini penye jumla.

"214," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. "Huwezi kunipunguzia?"

Nikaiweka kalamu chini, nikamvutia kiti, nikampigia simu mke wangu alete kahawa, kwani mazungumzo ya namna hiyo, kwetu, hayafanywi watu wakiwa wamesimama.