Risala kwa Mchwa

Sulemani anamtuma mvivu kwa chungu akajifunze kazi. Sina ugomvi naye, ila naona chungu keshabebwa vya kutosha. Ni mdudu wa kuweka akiba, na waweka akiba hawajawahi kukosa wa kuwasifu kanisani. Mchwa hapewi chochote. Hata Yesu alipoonya juu ya hazina za duniani, kazi ya kuharibu ilikwenda kwa nondo na kutu. Mimi ni mchungaji wa usharika mmoja hapa Dodoma, nakaa nyumba ya kanisa pamoja na mke, watoto na mchwa, na naona si haki anayekula kwangu kila siku akose hata risala.

Mema yake madogo niyapitie upesi. Hana kabila. Haombi kipaza sauti. Wafanyakazi wake wengi hawaoni kabisa, wanatembea kwa imani tupu, na bado jengo lao husimama wima bila kamati ya ujenzi. Malkia wao hukaa chumba kimoja miaka mingi, analishwa, anafutwafutwa, ananenepa hadi hawezi kusogea, wala hakuna anayethubutu kuuliza atastaafu lini. Hapo risala inaanza kunusa harufu ya watu. Turudi kwa mdudu.

Fadhila yake kuu ni kwamba anasoma. Nalisema hili kwa uzito wote wa kola yangu. Msomaji wa kawaida huvutiwa na jalada, mchwa haligusi. Hutokea ukutani na kijia chake cha udongo, huingilia mgongoni mwa kitabu, akaenda moja kwa moja kwenye hoja. Unachomoa kitabu rafuni, jina la mwandishi linasomeka, nakshi zote zipo. Ukikifungua, kinakumwagia udongo. Haruki sura ngumu. Hatafuti muhtasari. Hakunji ukurasa ili arudi kesho, kwa kuwa kesho hakuna ukurasa.

Nilirithi kwa mmisionari mmoja mzee juzuu chache za Karl Barth, yule Mswisi aliyeanza kuchapisha mafundisho yake makuu ya imani mwaka 1932, akafariki 1968 kabla hajayamaliza. Mimi nilikuwa nayaendea kwa heshima, kurasa kadhaa kila baada ya Pasaka. Mchwa aliyamaliza kwa msimu mmoja wa mvua. Wala hakuyasoma juu juu. Wataalamu wa wadudu wanasema mchwa wa vichuguu vikubwa haishii kutafuna na kumeza: aliyoyala huyapeleka chini kichuguuni, akayafanyia kitalu cha kuvu, na kuvu ndiyo inayoyalainisha mpaka yawe chakula cha nyumba nzima. Mvua zikikolea, kitalu hicho huchipusha uyoga. Kichuguu chetu kiko nyuma ya jiko. Mwaka ule mke wangu aliuchuma, akaupika kwa karanga, nami nashuhudia kwamba fundisho la Barth juu ya uteule wa Mungu halijapata kunikaa tumboni vizuri namna ile.

Kwa Calvin alikuwa mhariri. Kitabu cha mwanamatengenezo huyo, Institutio, kilitoka mwaka 1536 kikiwa na sura 6. Mwenyewe akakiongeza na kukiongeza, hata kufikia 1559 zikawa 80. Mchwa amekirudisha karibu na pale kilipoanzia.

Nionyesheni msomaji mwingine wa namna hii usharikani. Ufafanuzi wangu wa Waraka kwa Warumi aliuazima mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake. Nilipokwenda kumjulia hali niliukuta umeinua mguu wa meza ya televisheni, nao ulikuwa bado haujafunguka vizuri. Katiba ya kanisa tulikuwa na nakala moja ofisini. Mchwa ndiye aliyeipitia ibara kwa ibara, na wajumbe waliokuwa wakiitaja kwenye vikao wameendelea kuitaja vilevile tangu ilipoliwa.

Lipo jambo ambalo risala ilipaswa kuliruka. Biblia ya marehemu baba, ile tafsiri ya Union ya mwaka 1952 iliyowakutanisha waliozoea Kiunguja na waliozoea Kimvita, ilikuwa na kurasa tupu mbele. Humo aliandika kwa mkono wake siku tulizozaliwa na siku tulizobatizwa. Mchwa alianzia nyuma, kwenye Ufunuo, akaja mbele taratibu. Tarehe ya mdogo wangu wa mwisho haipo tena popote duniani. Mwanangu wa darasa la pili aliniuliza kama mchwa waliokula Neno wataingia mbinguni. Nilitoka nje bila kumjibu.

Mke wangu alikuwa ameshapaka oili chafu miguu ya rafu, mara nyingi kuliko alivyopaka watoto mafuta. Mbao ni za paina, na paina kwa mchwa ni karamu. Basi nikapeleka kwenye baraza la wazee ombi la kabati la chuma. Nikaambiwa, kwa upole mkubwa, kwamba vitabu ni mali binafsi ya mtumishi. Kikao kilekile kikapitisha spika mpya na kinanda kwa mkopo. Kisha mmoja akasimama: "Baba Mchungaji, Roho si yupo? Vitabu vya nini?" Akafungua Mathayo 10, pale wanafunzi wanapoambiwa wasihangaike watakavyosema.

Jamani! Maneno yale waliambiwa watu watakaokokotwa mbele ya mabaraza na maliwali, wenye pingu mikononi. Hakuambiwa mhubiri aliyekuwa na Jumatatu mpaka Jumamosi, akaimaliza wiki akitazama video za wahubiri wa mjini ili Jumapili aige hadi kikohozi chao. Paulo, anayejitaja kwa fumbo kama mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, anamwandikia Timotheo kutoka kifungoni amletee joho aliloacha Troa kwa Karpo, na vile vitabu, hasa vya ngozi. Kifo kiko mlangoni, Roho yupo, na mzee anataka vitabu vyake. Nililisema hilo kikaoni. Katibu aliandika kwamba mchungaji alitoa neno la kutia moyo.

Mchwa hakukata tamaa. Alimaliza nyumbani kwangu, akavuka uwanja, akaingia ofisini, na safari hii akasoma daftari la ahadi na bahasha. Nani aliahidi bati, nani aliahidi mifuko ya saruji, nani ameshatoa na nani bado: alimeza yote kwa juma moja. Kikao cha dharura kiliitwa jioni ileile. Waliokuja walikuwa wengi kuliko wanaokuja kwenye Somo la Biblia. Hakuna aliyeuliza kama Roho angekumbuka mifuko ya saruji. Kabla ya Jumapili kabati la chuma lilikuwa limeshafika, la milango miwili, na ufunguo uko kwa mhazini.

Ndani mna daftari jipya na kalamu. Nimeomba rafu ya chini kabisa. Ombi limepelekwa kwenye kamati ndogo.