Dakika 20 za Angani

Jamani, mimi na hesabu hatujawahi kuelewana, ila hii ilionekana nyepesi. Nikagugo: Dar mpaka Zanzibar kwa ndege, kilomita sabini na kitu, dakika 20. Dakika 20! Kinyozi wangu ananiweka 40, na nywele zenyewe zimebaki pembeni tu.

Harusi ya shemeji ilikuwa alasiri. Mama Asha akasema twende na boti, masaa mawili tuko Malindi. Nikacheka sana. Nikamwambia, wewe nenda na mawimbi yako, mimi napita juu. Utanikuta bandarini nakusubiri.

Sasa simu haikuniambia kitu kimoja: zile kilomita zinaanzia kiwanjani. Mimi naanzia Kimara. Nikatoka saa 1 asubuhi. Ubungo, foleni. Buguruni, foleni. Tazara, foleni. Ndege ikapita juu yangu, nikaipungia. Kumbe ndiyo yangu.

Nikadandia boda, kiroba cha mchele wa Kyela, kilo 25, katikati yetu kama mtoto. Dogo akauliza, terminali ipi? Nikamwambia ile kubwa yenye vioo. Mtu na suti yake ataulizwa hilo? Mlinzi wa Terminali 3 akaangalia tiketi, akaangalia kiroba, akaniangalia mimi. "Mzee wangu, hapa ni kwa wanaotoka nje ya nchi. Vindege vyenu viko Terminali 1." Upande wa pili kabisa wa kiwanja! Boda keshaondoka.

Huko nikabembeleza, nikapangiwa ndege ya baadaye. Mzigo unaoruhusiwa, kilo 15. Faini ya mchele ikazidi bei ya mchele. Halafu yule dada akasema, "Na wewe baba, panda." Wapi? Kwenye mizani! Mbele za watu! "Tisini na sitaaa!" Akanadi kama Kariakoo. Mzungu mmoja akageuka.

Ndege ina injini moja. Nilihesabu mara mbili, hadi mkiani nikachungulia. Viti kumi na kitu, mimi nikawekwa mbele kabisa, ubavuni kwa rubani. Rubani mwenyewe binti, rika la Asha. "Shikamoo baba. Usiguse kitu." Mikono nikaikalia.

Tukaruka. Dua haijafika katikati, nikaona fungu la mchanga, nikaona boti nyeupe, nikaona mapaa ya mabati, magurudumu yakagonga chini. Binti akafurahi: "Kusi imetusukuma, baba! Dakika 18 tu!"

Yaani nimelipia 20, nimepewa 18. Na chenji hawatoi.

Kutoka mlangoni kwangu hadi kiwanja cha Kisauni: masaa sita na nusu. Nikafika kwa wakwe suti imekunjamana, kiroba kichwani. Mama Asha ameshaoga, hina imeshakauka, ana bakuli la urojo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Aliuliza tu, taratibu, mbele ya mama mkwe, "Baba Asha, bandarini ulinisubiri sana?"

Kurudi nikapanda boti, kwa adabu. Ile kusi iliyonisukuma juzi, sasa ilikuwa inanisubiri usoni. Boti ikapanda, ikashuka, na mimi tumbo likaifuata. Mama Asha akanishikia kiroba.

Kilekile cha mchele.