Porini kwa Nyumba, Mjini kwa Shida

Serikali imenipa anwani mbili, na zote zinanipunja.

Kwa marupurupu ya nyumba, mimi ni mtu wa porini. Nairobi iko kileleni, ikifuatwa na Mombasa, Kisumu, Nakuru na miji kama Malindi na Thika, halafu manispaa nyingine za zamani, kisha sisi masalia. Mwenzangu wa daraja langu anafundisha Malindi mjini, ana mfereji hadi jikoni, na anapewa zaidi yangu. Mimi niko bara huku, matatu hadi mwisho wa barabara kisha boda, nalipwa kidogo kwa kuwa ati nyumba za huku ni rahisi. Ni rahisi, sikatai. Yangu ina popo.

Kinachonizibia pengo ni posho ya mazingira magumu. Nayo imepigiwa hesabu: Juni 2025 Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, aliwaeleza wabunge kwamba kuyapanga upya maeneo magumu kutaokoa shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Vyama vya walimu vikaja juu. Hapa kwetu tuliingiwa na hofu ya aina nyingine: tunaogopa maendeleo, yasije yakatufanya watu wa mjini. Mnara wa simu uliposimikwa, kijiji kizima kilipiga vigelegele, walimu tukanuna. Gari la serikali likionekana, mwalimu mmoja hutaka paneli ya sola ianuliwe, asije mtu akaandika kwamba tuna umeme. Na diwani akiahidi lami, mimi huomba Mungu awe mwongo kama kawaida yake.

Tena mtu asidhani posho hiyo naila mimi. Muuza maji anajua tarehe yake. Wa boda anaijua, na nauli ya mwalimu si nauli ya mkulima. Mwezi uliopita mama mwenye nyumba alipandisha kodi. Nikalalamika.

"Mwalimu, wewe si unapewa pesa ya shida?"

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo shida si ni sisi?"

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kumshika kwingine: je, posho ikiondolewa, kodi ataishusha? Akaendelea kupepeta mahindi yake, wala hakuinua macho.

"Wakiiondoa, si itakuwa hapa pamekuwa mjini? Na kodi ya mjini, mwalimu, unaijua."