Shangazi Kauza Kibanja

Vijiwe vya Kagera vina watu wale wale, uwe Kashai mjini Bukoba au umeshuka basi stendi ya Muleba. Yupo Mzee Musika, mrithi mkuu wa ukoo wake, na akamwani, buni ya kutafuna, haimtoki mdomoni. Yupo Nshomile, ambaye digrii yake huanza kuongea kabla yake. Wapo Katekista, Hajji mwenye duka la mabati, na Mheshimiwa, diwani wa zamani ambaye mpaka leo ukimwamkia anakujibu kwa salamu ya chama. Bodaboda husikiliza akiwa juu ya pikipiki, abiria asije akampita. Ma Koku anauza ndizi pembeni na hajaalikwa kwenye mazungumzo, lakini ndiye huyafunga. Hapo mpira hupewa robo saa, siasa nusu saa, na muda uliobaki wote ni wa kibanja, shamba letu la migomba: nani kauza, nani kanunua, ukoo unasemaje.

“Mwanamke hauzi kibanja cha ukoo,” husema Mzee Musika. “Atakula ndizi zake mpaka Mungu amwite, basi. Ndiyo mila yetu tangu mababu.”

Tuanze na hao mababu, maana wana tarehe. Kanuni za urithi wa wanawake ambazo wazee wengi wa Buhaya wamezikariri ziliandikwa na Serikali ya Wenyeji ya Bukoba mwaka 1944, chini ya Waingereza, na zilimnyima binti haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka uliofuata, Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya pamoja na mwenzake Hartnoll, na mahakama zikakishika. Kisha likaja Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, ambalo liliwapanga warithi kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, mabinti la tatu, na kifungu cha 20 kikakazia kwamba ardhi ya ukoo binti ataitumia maisha yake bila kuiuza. Sisemi kwamba wakoloni walibuni upendeleo wa kiume, ulikuwepo. Nasema kwamba desturi iliyokuwa ikijadiliwa kwenye baraza, kesi kwa kesi, ilikaushwa kwenye karatasi na watu wenye muhuri. Mzee Musika akidai anatetea mababu, sehemu kubwa ya anachokitetea ni kazi ya ofisi.

Wanawake wa Kihaya wenyewe, miaka hiyo ya 1930 na 1940, hawakuwa wamekaa kusubiri kugawiwa. Wengi walivuka kwenda Kampala na Nairobi, baadhi wakafanya biashara ambayo Katekista hapendi itajwe kabla ya misa, wakarudi na fedha taslimu na kununua mashamba ya kahawa kwa majina yao. Wanahistoria wameliandika jambo hili kwa kirefu, na wameandika pia jinsi wakuu wa wenyeji walivyohangaika kuwazuia wasisafiri. Kwamba kanuni za 1944 zilitungwa kwa hofu hiyo, siwezi kuapa. Lakini msomaji atazame miaka yenyewe, aone nani hasa alikuwa na haraka ya kuandika kwamba mwanamke hauzi ardhi.

“Kwa hiyo wewe unataka tuache mila?” huuliza Mheshimiwa, kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Tumeshaziacha. Hapo ndipo ulipo ubishi wangu wote. Zamani kahawa ilikuwa chini ya mkono wa Mukama, mtawala wetu, na mtu wa kawaida hakujipandia mibuni atakavyo. Leo kila mwenye kibanja ana mibuni yake na hakuna anayeililia mila hiyo. Nyarubanja, ule umwinyi wetu wa ardhi, ilimfanya mtwarwa alime kwenye shamba alilozaliwa huku akimlipa mtwazi, bwana wa ardhi, na wenye nyarubanja wakaapa kwamba nchi itavurugika ikiondolewa. Sheria ya 1965 ikawapa watwarwa mashamba yao, nchi haikuvurugika, na wajukuu wa watwarwa ndio hao wanaokaa kijiweni wakisifia ukale. Utemi wenyewe ulifutwa na serikali ya uhuru mwaka 1963. Ni mwaka ule ule wa Tangazo Na. 436! Kwa mwaka mmoja dola ilimwondolea mwanaume wa Ihangiro na Kiziba bwana aliyekuwa juu yake, ikamhakikishia kwa maandishi dada aliye chini yake. Tangu hapo hatujaacha kupepeta: mila iliyotubana sisi wanaume tunaiita ya kizamani, ile inayotulipa tunaiita utambulisho wetu.

Hata bila serikali tumebadilika, kifo au tumbo vilipotulazimisha. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa mkoani huku mwaka 1983, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Kurithi wajane, jambo ambalo wazee walisema haliwezi kuachwa bila marehemu kukasirika, kulianza kukimbiwa, na marehemu hawakulalamika. Na senene je? Mwanamke aliwakusanya alfajiri, akawanyofoa mabawa na miguu mmoja mmoja, akawakaanga mpaka wakawa rangi ya dhahabu, akampelekea mumewe sahani nzima, yeye mwiko kuonja. Nenda sokoni Bukoba mwezi wa Novemba ukamtazame anayewauza kwa kopo na anayetafuna huku akihesabu chenji. Mwiko ule ulifia sufuriani, wala hakuna ukoo ulioitisha kikao.

Sasa turudi kwenye kibanja chenyewe, maana kesi yake ni ya Muleba na inafundishwa vyuo vikuu, ingawa kijiweni wanaoijua ni Nshomile na Ma Koku tu. Mama mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Hukumu inaeleza kwamba alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Tarehe 25 Agosti, yaani kesho yake, mpwa wake alikuwa ameshafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo ni batili kwa sababu shangazi ni mwanamke.

“Kesho yake?” Bodaboda hushangaa kila akisikia. “Huyo alipanda pikipiki ya nani?”

Swali ni la mzaha, ila linagusa pazito. Ukoo unaotajwa na Mzee Musika ni wa kulea: ardhi haiuzwi ili mjane, yatima na mzee wasikose mahali pa kulala. Hoja hiyo ni nzuri, nami naiheshimu. Lakini kama ulezi ndio msingi wa haki ya ukoo juu ya kibanja, basi shangazi asiye na wa kumtunza ameshaachiliwa na ule upande mwingine wa mkataba. Huwezi kukosekana kwenye uji na dawa, ukaonekana kwenye mipaka ya shamba.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na mpwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Tarehe 22 Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, akasema kwamba Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 haziwezi kukaa nyumba moja na kifungu cha 20. Wanawake na wanaume, akaamua, wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo, na zile kanuni za 1944 akazitangaza batili.

Hapa Mzee Musika hutoa silaha yake kubwa. “Na makaburi? Baba yangu amezikwa pale kwenye migomba. Mgeni akinunua, atapanda maharage kifuani mwake?”

Hii si hoja ya kucheka. Wahaya wanazika kwenye kibanja, na uchungu wa kumwona mgeni akipalilia juu ya kaburi la babu si wa kubuni. Ila uchungu huo hauna jinsia. Kaka akiuza shamba ili anunue gari, kaburi linapata mgeni yule yule. Mila ilishalifikiria hilo kwa upande wa wanaume: ndugu akiuza kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo, mwanaukoo yeyote anaweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Mwalusanya hakuifuta njia hiyo. Aliiacha isimame, akasema sasa inawahusu wote, na mpwa akaambiwa waziwazi kwamba akikitaka kibanja alipe zile 300,000. Tofauti moja tu ndiyo iliyoondolewa. Kaka akiuza, ukoo unakomboa kwa fedha. Dada akiuza, ukoo ulikuwa unanyang’anya bure. Anayelilia makaburi bado ana mlango. Anayelilia shamba la bure ndiye aliyefungiwa.

Katekista kwa kawaida husubiri mpaka hapa, kisha hufungua Biblia. Afungue Hesabu sura ya 27: mabinti wa Selofehadi, ambao baba yao alifariki bila mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai urithi, na Mungu akawapa haki. Katekista si mjinga, atafungua pia sura ya 36, ambako wazee wa kabila walirudi kulalamika kwamba mabinti wakiolewa nje ardhi itahama, nao mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Sawa. Basi hata katika sura inayombana zaidi, binti bado ndiye mrithi, na hakuna mpwa aliyetumwa kumpokonya. Hajji naye ana hesabu yake: Qurani imempa binti nusu ya fungu la kaka. Kuna la kubishana juu ya nusu, lakini nusu ni mali yake, anaiuza akitaka. Katika nchi hii kesi ya mirathi ya Mwislamu huweza kuamuliwa kwa mila iwapo mahakama itaona aliishi kimila, na ajabu ni kwamba watu waliosali safu ya mbele miaka arobaini hugundua kwamba marehemu aliishi kimila siku mabinti wanapodai. Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, wote tunakuwa wapagani wa dhati tukifika kwenye mpaka wa migomba.

“Lakini usawa upo!” husema Mheshimiwa. “Rais ni mwanamke. Muleba Kusini mlimchagua Profesa Tibaijuka 2010 na 2015, akawa hata Waziri wa Ardhi.”

Ni kweli, na ndiyo maana haieleweki. Jimbo zima lilimkabidhi mwanamke kura zake, nchi ikamkabidhi wizara inayosimamia kila kiwanja kutoka Kyerwa hadi Mtwara, naye kabla ya hapo aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Na bado Tangazo la 1963 liliendelea kubaki vitabuni. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliacha urithi wa ardhi ya ukoo kwa mila, mradi zisipingane na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilibatilisha desturi zinazomnyima mwanamke umiliki. Wajane wawili kutoka Shinyanga walipoomba kanuni za urithi zifutwe, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua, kisha ikaogopa kuzifuta, ikihoji kwamba ukianza na hizo utazimaliza lini mila za makabila 120? Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya ubaguzi wa wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka mkataba huo, ikaitaka ibadili sheria. Hiyo ni miaka 25 baada ya Mwalusanya. Wanasiasa wetu hupenda mwanamke awe kwenye picha ya kampeni. Kumweka kwenye hati ya shamba kunagharimu kura za akina Mzee Musika.

Nshomile hapo husema hukumu moja haibadilishi kijiji, sheria ni ya mjini. Ana nusu ya haki. Shangazi wa Muleba alishinda baada ya ngazi tatu za mahakama, na wengi hawafiki hata ya kwanza, kwa nauli tu. Lakini asisahau chanzo cha ushindi ule: baba aliandika wosia. Kabla ya jaji, kabla ya Katiba, kulikuwa na mzee mmoja wa Kihaya aliyeona binti yake anastahili, akatia sahihi. Naye alikuwa babu wa mtu.

“Waitu tata,” Ma Koku humwambia Mzee Musika akifunga mafungu yake ya ndizi, “na wewe una mabinti wanne.”

“Wosia ni kujiitia kifo,” hujibu Mzee.

“Ile bima ya mazishi uliyokata mwezi uliopita ilikuwa ya kuita nini?” huuliza Bodaboda, huku akiwasha pikipiki.

Nshomile hujitolea kuuandika, kwa Kiingereza. Mheshimiwa hutaka uzinduliwe. Mzee Musika hutema ganda la akamwani, akasema atautia dole gumba, lakini baada ya msimu wa senene, na mashahidi wajitegemee kwa rubisi.