Baraza la Ndege na Ngazi ya Makinda

Katika nchi ya ndege, iliyo mbali sana na huku kwetu, makinda walifundishwa kuruka kwa kupanda ngazi iliyoegemezwa kwenye Mbuyu Mkuu, yenye vipawa vinane, kisha vinne, kisha vinne tena, na aliyefika kileleni aliitwa msomi, hata kama alishuka kwa miguu. Ngazi hiyo iliwabwaga wengi, sitaitetea.

Basi Mbuni, ambaye tangu kuanguliwa hajapata kuruka, akatunga ngazi mpya: vipawa viwili, sita, vitatu, vitatu na vitatu. Wajuzi wa hesabu walipogundua kwamba imezidi ile ya kale kwa kipawa kimoja tu, waliambiwa hayo ndiyo mageuzi. Makinda wa vipawa vya katikati wakawa wamevizidi kimo viota vya chini, na huko juu hapakuwa na tawi la kuwapokea, wakaachwa palepale, wamebanana na vifaranga, wakisomea kupiga mbizi mahali pasipo na tone la maji.

Ndipo likaitwa baraza la kurekebisha sheria. Muswada uligawiwa alfajiri, na maoni ya raia yakafungwa jua la utosi. Korongo alidai kwamba kwa kuwa babu yake ndiye aliyeupanda mbuyu, mkuu wa shule asitue tawini bila baraka zake. Tai akajibu kwamba mwenye ghala la nafaka ndiye mwenye kuteua. Siku saba mchana kutwa wakabishana iwapo Korongo aarifiwe kabla mkuu hajatua au akishatua, na kiti cha mwenyekiti wa bodi kielekee mashariki au magharibi.

Siku ya nane akainuka Mama Mnana. “Mzee Kasuku, shikamoo. Mwalimu wa wanangu ni Shore, yuko peke yake, anafundisha kuruka, kuwinda na kupiga mbizi, na ujira wake ni nusu punje kwa sababu mnasema bado yumo majaribioni. Ataajiriwa lini?”

“Maoni yako yamepokelewa,” akasema Kasuku, aliyekuwa akiliongoza baraza, akarudia mara tatu kama ilivyo ada ya ukoo wake, kisha mjadala wa kiti ukaendelea.

Muswada ulipita kwa shangwe. Tai akapata uenyekiti, Korongo akapata ujumbe wa bodi, Mbuni akavishwa unyoya wa heshima. Shore hakutajwa katika kifungu chochote, na mwezi uliofuata aliacha kazi, akaenda kuuza mtama sokoni.