Sifa za Kosa la Kukompaili

Wapambe wamewamaliza watawala kwa sifa, ilhali kosa la kukompaili halijapata hata wa kulipigia vigelegele. Ni dhuluma. Kijana wa Usoke, wilayani Urambo, anayejenga viunganishi vya Python ili aitumie maktaba ya C++ hana mwalimu mkweli kuliko kosa hilo, na Urambo ilipaswa kuwa ya kwanza kulitambua. Misafara ya pembe kati ya Tabora na Ujiji haikupita bure: watemi walidai hongo ya nguo na shanga, na mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliifunga njia kabisa, msafiri Stanley akalazimika kuzungukia kusini. Kosa letu nalo hufunga njia, ila lina uungwana wa kutaja bei papo hapo.

Likisema faili la Python.h halionekani, halijamtukana mtu. Limemwarifu kwamba Python yake ni ya kuendeshea programu tu, haina vifaa vya kujengea. Kwenye Ubuntu, hongo ni kifurushi cha python3-dev. Akilipa, anamkuta mtemi wa pili akidai CMake, na wa tatu akidai maktaba yenyewe, maana kiunganishi bila maktaba hakina cha kuunganisha. Akifika mwisho amekwishajua kompaila inatafuta nini, wapi na kwa nini. Chuo gani kinafundisha hayo kwa karo ya hasira tu?

Watasema pip huleta vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Kweli, lakini kila kimoja kimejengwa kwa mfumo na prosesa fulani, mara nyingi na kwa toleo moja tu la Python. Kikikosekana kinachokufaa, pip hugeukia msimbo asilia, na mtemi yuko palepale. Siku zote hizo hongo alikulipia mwingine. Watasema pia kosa lina maneno mengi. C++ kweli humwaga kurasa nzima kwa herufi moja iliyokosewa, lakini kiini kwa kawaida kiko kwenye kosa la kwanza. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake hana haki ya kulalamikia urefu.

Mjanja atapendekeza ctypes, moduli ya Python inayoita maktaba ya C bila kukompaili chochote. Njia hiyo haina mtemi hata mmoja, na ndiyo hatari yake. Usipoieleza, ctypes hudhani kila kazi ya maktaba inarudisha namba nzima. Ikirudishwa ya desimali, unapokea takataka bila onyo lolote. Sasa fikiria programu ya chama cha ushirika ikikokotoa hivyo malipo ya wakulima wa tumbaku. Hakuna aliyezuiwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyejua, mpaka mkulima apokee fedha ya kilo ambazo hakupima. Basi kosa likikusimamisha usiku wa manane, lipe shikamoo kwanza, kisha ulisome kuanzia juu.